Kwa wanaoanza kupigia piano filamu bubu

Wadogo zangu mnaotoka kwenye vinanda vya kwaya hapa Tabora, vidole mnavyo. Kazi iliyobaki ni ya macho. Kanisani ukichelewa mwalimu wa kwaya hukusubiri. Filamu haimsubiri mtu.

Anzeni na Othello ya Wajerumani ya mwaka 1922, iliyotokana na tamthilia ya Shakespeare, Emil Jannings akiwa Othello na Werner Krauss akiwa Iago, mwovu anayemdanganya Othello kuwa mkewe Desdemona si mwaminifu. Itazame kwanza piano ikiwa imefungwa. Mara ya pili shika penseli uandike dakika: nani kaingia, nani kabaki peke yake, maandishi yametokea wapi. Na iwe nakala ileile itakayoonyeshwa. Filamu za zama zile hazikuwa na kasi moja, nyingi zilikwenda kati ya picha 16 na 24 kwa sekunde, hivyo nakala mbili za filamu moja zaweza kupishana dakika kadhaa. Niliwahi kuletewa nakala nisiyoifanyia mazoezi. Nikafika kwenye msiba wakati kwenye kitambaa watu bado wanasalimiana.

Sasa leso ya Desdemona, ambayo Iago anaitumia kama ushahidi wa uongo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Nilipoanza nilimtungia Iago wimbo mzito wa besi, kila akitokea naupiga. Lilikuwa kosa. Ukimtangaza mwovu kila anapoingia, Othello anaonekana mpumbavu kwa kumwamini. Watu wanatakiwa wampende Iago kidogo, kama Othello anavyompenda. Siku hizi nampa wimbo mwepesi wa kirafiki, na mzigo wa hadithi nimeutwika ile leso: noti nne tu, so, la, so, mi. Ikiwa mikononi mwa Desdemona, besi yangu iko kwenye do. Ikianguka, nazipiga bila besi kabisa. Ikionekana kwa mtu mwingine, noti ni zilezile, ila besi imehamia la. Mtazamaji hajui kwa nini kifua kinambana.

Anayependa muziki wa tayari amtafute mtunzi Giuseppe Becce; kuanzia mwaka 1919 alichapisha Berlin vipande vilivyopangwa kwa hali: hofu, mapenzi, hatari. Vinafaa kwa mazoezi.

Tamthilia ilijengwa kwa maneno, na filamu imeyakata karibu yote. Usijaribu kuyarudisha kwa kumwaga noti. Maandishi yakitokea, piga moja moja, maana huku kwetu yupo anayeyafasiri kwa sauti, naye ndiye anayesikilizwa wakati huo. Keti naye mapema, ujue anapumua wapi. (Mji huu ndiko aliposoma Mwalimu Nyerere, aliyetupa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, mwaka 1969. Tuna haki ya kumdai mfasiri wetu Kiswahili kizuri.)

Piano yenyewe ijaribuni kila mara. Kiangazi chetu hukausha mbao na sauti zinahama. Funguo zilizoharibika ziwekee alama ya chaki uzikwepe. Umeme ukikatika usinyanyuke. Endelea chini chini, watu watakaa.

Othello akifika kitandani kwa Desdemona kumuua, toa mikono. Acha wasikie projekta na pumzi zao wenyewe, hata ukiona kimya kimezidi. Othello akishaelewa alichokifanya, ndipo urudishe zile noti nne, mara moja, polepole, bila besi, kisha ufunge kifuniko kabla taa hazijawashwa.