Shangazi, wakija kuposa watabisha mlango wa nani?

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Kisauni, Mombasa. Niliokotwa nikiwa mchanga nikalelewa katika makao ya watoto. Hata jina nilipewa na mlezi wa zamu. Niliokoka nikiwa kidato cha tatu, na tangu hapo kanisa ndilo kwetu. Mwaka jana nilipolazwa, fomu ya hospitali ilipouliza jamaa wa karibu niliacha pengo. Mama mmoja wa kwaya akachukua kalamu akaandika jina lake, na penye uhusiano akaandika "mama". Sasa nina mchumba, kwao ni Taita. Ami yake ameniuliza, "Tukija kuposa tutabisha mlango wa nani?" Nikamjibu mimi ni mtoto wa Mungu. Akacheka. Mchungaji naye asema ya kale yamepita, niache kujichosha na asili yangu. Silali. Je, najidanganya?

Marahaba, mwanangu. Hujidanganyi hata kidogo. Ila ami alikuuliza swali la duniani ukampa jibu la mbinguni. Hakutaka kujua roho yako ni ya nani. Ana wazee wake watakaopanda matatu alfajiri kutoka Taita na nguo zao za heshima, na anataka kujua watakaribishwa sebule ipi, na nani atawajibu wakishakohoa na kuanza maneno. Hiyo ni haki yake. Kucheka hakukuwa haki yake, lakini hilo nitalirudia.

Mlango wa kubishwa unao: ni wa huyo mama wa kwaya. Nenda ukamwombe, na usimwombe kwa simu. Beba sukari na majani ya chai, kaa chini, umwambie unataka posa yako ipokewe kwake. Mwachie yeye atafute mzee wa kanisa wa kuongea, na kama yule mlezi wa makao bado yu hai, aitwe naye, akae mbele. Mahari nayo kubalianeni mapema inakwenda kwa nani, maana hata watakatifu hugombana juu ya mbuzi.

Na asikuambie mtu kuwa huo ni ukoo wa kuigiza. Unaishi Kisauni, bila shaka umepita Kengeleni mara nyingi. Kengele ile ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kulikuwa na Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, wameng'olewa kwao na hawana wa kuwaulizia. Maisha hayakuwa asali, maana baadhi ya wasimamizi wa mwanzo walikuwa wepesi mno wa kuchapa viboko. Lakini watu wale walioana, wakazikana, wakalea watoto wa wenzao, na vizazi vyao wapo hadi leo. Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso, watu wa mataifa waliohesabiwa kuwa wa nje, kwamba wao "si wageni wala wapitaji" bali "watu wa nyumbani mwake Mungu". Nyumbani pana watu, mwanangu. Pana anayekupikia uji ukiugua na anayekugombeza ukichelewa kurudi.

Kwa mchungaji sikubali, na namheshimu. Ni Paulo huyo huyo aliyeandika kuwa ya kale yamepita, na bado alipowaandikia Warumi alijitaja kuwa wa kabila ya Benyamini. Neno lile halikuwekwa ili kumnyamazisha yatima. Ukitaka kujua uliokotwa wapi na nani aliyekuokota, nenda makao ukaombe kuiona faili yako, au umwone afisa wa watoto. Huenda ukakuta karatasi moja tu yenye tarehe na jina la mtaa. Usiende peke yako siku hiyo.

Na akitokea wa kukutilia shaka hata uraia, mwambie asome Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010: mtoto aliyeokotwa Kenya, aonekanaye hajafika miaka minane, na uraia wake na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Serikali yetu, isiyo na sifa ya huruma, haikungoja kumjua babako.

Sasa kile kicheko. Umenieleza ami alivyocheka, hukuniambia mchumba wako alisema nini. Alikuwepo? Alinyamaza? Mimi ningetaka kulijua hilo kabla ya posa. Habari zako ni yeye wa kuzipeleka kwa wazee wake, si wewe, na azipeleke mapema, hukohuko kwao Taita, ili siku wakibisha pale mlangoni pasiwe na wa kuuliza tena.