Jiko la Peleti Goma na Bukavu: Kulichagua, Kulifunga na Kulipangia Hewa

Aliyezoea mbabula, jiko la makala (mkaa), hukosea jiko la peleti, yaani vijiti vifupi vya unga wa mbao au makapi ulioshindiliwa, kwa jambo moja: moto ukipungua, anaongeza peleti. Kwenye mbabula ni sahihi, kwa sababu makala yenyewe ndiyo moto. Kwenye jiko la peleti kinachowaka chini ya sufuria ni gesi, na anayeitawala gesi hiyo ni hewa. Ukilishika hilo, kulichagua, kulifunga na kulirekebisha jiko kunakuwa rahisi. Usipolishika, utarudia mbabula ndani ya wiki mbili na kusema peleti ni za wazungu.

Peleti hujazwa ndani ya kopo la chuma na kuwashwa kwa juu, si kwa chini. Hewa kidogo huingia kitakoni, hupanda katikati ya peleti na kulisha utando mwembamba wa moto unaoshuka polepole. Utando huo huzipika peleti zilizo chini yake hadi zitoe moshi mzito. Moshi huo ndio gesi. Ukifika mdomoni mwa kopo unakutana na hewa ya pili, inayotoka kwenye tundu ndogo zilizozunguka ukingo, na hapo ndipo unawaka. Hewa ya chini inazalisha gesi, hewa ya juu inaichoma. Gesi ikiisha, kopo linabaki na makala madogo meusi, karibu moja ya sita ya uzito ulioweka.

Dukani

Majiko ya peleti ya kupashia nyumba joto, yale ya Ulaya yenye tangi na parafujo ndefu inayosukuma peleti, yaache. Wakati wa kuwasha yanakula wati mia tatu au zaidi, umeme ukikatika katikati yanajaza nyumba moshi, na hayakutengenezwa kubeba sufuria. Linalotufaa ni jiko la kupikia lenye feni ndogo ya volti 12 inayovuta wati 1 hadi 5. Yapo pia yasiyo na feni. Hayo yanapika, ila upepo wa ziwa unayasumbua na moto wake ni mgumu kuongoza.

Kabla ya kulipa, toa kopo la ndani ulipime kwa rula. Tuseme kopo lina kipenyo cha sentimita 10 na kina cha 12. Acha sentimita 2 chini ya tundu za juu, ubaki na kina cha 10. Hapo zinaingia kama mililita 785, na kwa kuwa lita moja ya peleti ina gramu 600 hadi 700, ni kama gramu 500 kwa mjazo mmoja. Kiasi hicho huwaka dakika 40 hadi 50 kwa moto mkubwa, na karibu mara mbili yake kwa moto mdogo. Familia ya watu wanane inayopika maharagi haitoshelezwi na kopo moja, hivyo nunua na kopo la akiba. Kulibadilisha kwa koleo kunachukua nusu dakika.

Gusa kopo kwa sumaku. Isiposhika, hiyo ni dalili ya inoksi (chuma kisichoshika kutu) nzuri. Ikishika, uliza zaidi, maana kuna inoksi inayoshika sumaku, lakini pia kuna bati la kawaida ambalo litatoboka mapema.

Tazama feni. Iwe ile ya duara inayovuta hewa kati na kuitema pembeni kwa mdomo mwembamba. Feni bapa ya kompyuta hupeperusha hewa nyingi mahali pa wazi, lakini ikikutana na peleti zilizobanana inashindwa kusukuma. Mafundi wengi feni ya asili ikiharibika hufunga hiyo bapa, kisha mteja anashangaa kwa nini jiko lililokuwa zuri sasa linatoa moshi.

La mwisho dukani, na kwetu ni zito kuliko yote: bugali. Anayesonga bugali anausukuma mwiko kwa nguvu za mabega. Jiko refu lenye kitako chembamba litaanguka na moto wake. Likikupendeza kwa mengine yote, mpelekee fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya vyuma vya kona yenye miguu mipana kuliko sufuria yako kubwa, na vishikio viwili vya kubana masikio ya sufuria.

Peleti

Ng'ambo ya mpaka, Gisenyi nchini Rwanda, kampuni ya Inyenyeri iliwahi kusambaza majiko ya namna hii pamoja na peleti zake. Ilipofunga kazi, somo lilibaki: hakikisha kwanza peleti zinapatikana, tena kwa zaidi ya muuzaji mmoja, ndipo ununue jiko.

Bei ilinganishe kwa kilo, si kwa gunia. Kilo ya peleti za mti ina nishati ya megajuli 17 hivi, na jiko zuri hufikisha kama asilimia 40 kwenye sufuria: megajuli 6.8. Kilo ya makala ina 29 hivi, lakini mbabula hufikisha asilimia 20 hadi 25 tu: kati ya 5.8 na 7.2. Kwa maneno mengine, kilo kwa kilo zinapika karibu sawa. Basi pima gunia lako la makala kwenye mzani, toa vumbi la chini, gawa bei kwa kilo zilizobaki, uone. Mti uliochomwa kupata kilo hiyo ya makala hauonekani kwenye mzani, na mingi imetoka ndani ya Virunga, pori linalolindwa tangu 1925. Peleti za unga wa mbao na mikaratusi iliyopandwa zinaliacha pori hilo lipumue, na hiyo kwetu ni sababu tosha hata bei zikilingana.

Peleti nzuri ina kipenyo cha milimita 6 au 8, ngozi inayong'aa, na ukiivunja inalia "tak". Itie kwenye glasi ya maji: izame mara moja, kisha ndani ya dakika chache ivimbe na kugeuka unga. Inayoelea haikushindiliwa vizuri. Chini ya mfuko kusiwe na vumbi zaidi ya kiganja kimoja, kwa sababu vumbi huziba njia ya hewa ya chini na moto hushuka upande mmoja tu. Unyevu usizidi asilimia 10. Peleti za mti safi huacha majivu chini ya asilimia 1, lakini za makapi ya mpunga zinaweza kupita 15, na mabaki mengine ya shamba yana potasiamu inayofanya majivu yayeyuke. Yakipoa yanaganda kitakoni kama jiwe dogo la volkano na kuziba matundu. Ukilazimika kutumia hizo, changanya moja kwa tatu na za mti.

Kuanzia Septemba hadi Mei mvua ni nyingi, na peleti hunywa unyevu wa hewa hata bila kunyeshewa. Ziweke kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko, juu ya mbao, mbali na ukuta. Gunia wazi sakafuni linaharibika mapema sana.

Kulifunga

Jikoni pawe na matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, kwenye kuta zinazotazamana, kila moja angalau sentimita 20 kwa 30. Dirisha moja halitoshi, maana hewa haina pa kupitia.

Nyumba nyingi za Goma ni za mbao. Weka jiko sentimita 50 kutoka ukutani. Kama nafasi haipo, pigilia bati juu ya vipande vya chuma au tofali ili kati ya bati na mbao ibaki nafasi ya sentimita 3, wazi chini na juu. Hewa inayopita hapo ndiyo inayolinda. Bati lililobandikwa moja kwa moja kwenye mbao linapitisha joto lote, na mbao inakauka kidogo kidogo hadi siku inashika moto. Sakafu ya mawe ya volkano isawazishwe kwa simenti, kwani jiko likiinama, moto nao unashuka kwa kuinama.

Ukiweka kofia ya moshi, bomba liwe na kipenyo cha sentimita 15, lipite paa na kuzidi kilele chake kwa sentimita 60. Lisiguse boriti. Usitumie bati jepesi: mvua ya Goma hubeba tindikali ya moshi wa volkano ya Nyiragongo, na bomba jembamba linaliwa upesi.

Umeme wa feni usiutegemee mtandao. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 (7 Ah) ina wati-saa 84. Tumia nusu tu isife mapema, nayo itaendesha feni ya wati 4 kwa saa kumi. Paneli ya wati 10 inatosha kuirudishia. Zingatia nyekundu na nyeusi, maana feni nyingi za aina hii ukizigeuzia nyaya hazizunguki kabisa, na nyingine huungua.

Kuwasha

Jaza peleti hadi chini kidogo ya tundu za juu, bila kushindilia. Juu yake weka kiganja cha maranda makavu, au kijiko kimoja cha petroli ya taa (mafuta ya taa). Esanse, yaani mafuta ya gari, kamwe: mvuke wake hulipuka usoni. Washa moto feni ikiwa imezimwa au ikiwa kwenye kiwango cha chini kabisa, subiri dakika moja na nusu hadi uso wote wa peleti ushike, kisha pandisha polepole. Ukipandisha mapema feni inauzima moto, na jiko linatoa moshi mweupe mzito. Moshi huo ni gesi yako inayopotea. Shusha feni, pitisha kijiti chenye moto juu ya mdomo wa kopo, nao utawaka.

Baada ya hapo usiongeze peleti juu ya moto. Peleti baridi zinaziba mdomo na gesi inatoka bila kuwaka. Ngoja mjazo uishe, au badilisha kopo.

Kupangia hewa

Soma ndimi za moto. Ndefu, za njano nzito, zinazoacha masizi kwenye sufuria: hewa ya juu ni haba. Kwanza zibua tundu kwa sindano, kisha ndipo uguse feni. Ndimi fupi zinazonyanyuka na kukatika: hewa ya juu imezidi. Kwa jiko lenye milango miwili ya hewa, anza na sehemu moja chini na nne juu, kisha sogeza kidogo na kungoja dakika mbili kabla ya kusogeza tena. Wengi hawangoji, kwa hiyo hawajui ni badiliko lipi lililosaidia.

Ukiona jiko halitii chochote, tafuta hewa inayovuja. Jiko likiwa baridi na feni ikizunguka, pitisha uzi mwembamba kwenye kila kiungo. Uzi ukipepea, hapo pana mwanya. Mara nyingi ni kati ya kopo na ganda la nje, nao huzibwa kwa kamba ya kioo inayostahimili joto au udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu.

Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi kama asilimia 15 kuliko pwani, hivyo feni ileile inaleta oksijeni pungufu na moto unapoa. Alama ya "kati" kwenye kitufe ilipangwa na watu wa mahali pa chini, basi panda hatua moja. Tena maji yetu huchemka karibu nyuzi 95, si 100, na ndiyo maana maharagi yanakawia. Yaloweke usiku, yachemshe dakika 15 kwa moto mkubwa, kisha shusha feni hadi maji yatokote tu. Kuacha feni juu hakuyaivishi haraka, kunamaliza kopo tu. Nafasi kati ya ukingo wa jiko na kitako cha sufuria iwe sentimita 2. Ikiwa ndogo kuliko hapo moto unabanwa na kutoa masizi.

Mwisho wa mjazo

Ndimi za njano zikizimika na kubaki vimiale vya buluu juu ya makaa, gesi imeisha. Hapo hatari inaanza, maana makaa hayo hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, kwa wingi. Mtu wa Goma anayajua mazuku, gesi nzito inayotoka ardhini na kujikusanya mashimoni. Hii ni nyingine. Haina harufu, ni nyepesi kidogo kuliko hewa, haitulii chini: inaenea chumba kizima, hata juu ya kitanda. Usiku wa baridi wa Bukavu, usiingize jiko wala mbabula chumbani ili upate joto, hata kwa dakika chache. Kengele ya betri ya kugundua gesi hii, yenye alama EN 50291, hulia kabla ya dakika 3 gesi ikifika sehemu 300 kwa milioni. Kwa sehemu 50 inakawia saa nzima au zaidi, kwa hiyo ikilia toka nje kwanza.

Makaa yamwage nje kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana. Yakikosa hewa yanazima, na kesho yanachoma sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye mbabula. Yasubiri yapoe saa nyingi kabla ya kuyagusa.

Kila asubuhi mwaga majivu na gonga kitako. Kila wiki sindano kwenye tundu. Kila mwezi fungua feni, ondoa vumbi jeusi kwa brashi kavu, usitumie maji. Kopo likianza kutoboka upande, usilichomelee kiraka, maana tundu moja jipya pale chini linaingiza hewa isiyotakiwa katikati ya peleti. Nunua jingine.