IPFS haifichi unachofungua

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza ukiweka mafaili yako IPFS, ule mfumo wa kuhifadhi na kugawana mafaili mtandaoni, kama hakuna atakayejua unafungua nini mtandaoni. Hapana aisee, hapo wengi wanachanganya. IPFS inakata faili vipande, kila kipande na alama yake, halafu kompyuta za watu ndo zinapeana, sasa ile inayokupa kipande inaiona IP yako, yaani namba ya kifaa chako mtandaoni, na kama faili hujalifunga mwenyewe kwa nywila basi yeyote mwenye ile alama analifungua kama lake. Unachotaka wewe kiko karibu zaidi na Freenet, mtandao wa kugawana mafaili kwa siri wa Ian Clarke, wa tangu 2000, siku hizi inaitwa Hyphanet: vipande vinafungwa kwanza, vinapita kompyuta kadhaa, aliyevihifadhi hajui kabeba nini. Ila inakula bando, na faili lisiloombwa muda mrefu linapotea.

Mimi hapa Shangani hesabu za korosho za mzee nazifunga kwanza kwa VeraCrypt, programu ya kufunga mafaili kwa nywila, kopi moja mtandaoni, nyingine kwenye flashi nimeiviringisha nailoni maana chumvi ya bahari huku inakula vyuma. Anza hivyo, na nywila iandike daftarini, ukiisahau hakuna wa kukurudishia.