Friza Imejaa, Mke Analia Njaa

"Shangazi, tangu mapato yetu yapungue mume wangu amegeuka bahili. Hataki kutoa fedha za kununua chakula mpaka tumalize vilivyomo stoo na ndani ya friza. Mama yake alipotutembelea alifungua friza bila idhini yangu, akaorodhesha kila kitu na kuibandika karatasi mlangoni. Watoto wanalishwa viporo, nami nimedhalilika nyumbani kwangu. Je, nirudi kwetu?"

Binti yangu, pole kwa mapato kupungua, na pole pia kwa mkwe kufungua friza bila hodi, kwani angeweza kusubiri umfungulie mwenyewe. Pole zangu zinaishia hapo, kwa sababu barua yako, ambayo hapo juu nimeifupisha sana, inajipinga yenyewe. Katika ukurasa wa kwanza unasema watoto wanalala nusu njaa, na katika ukurasa wa tatu unasema friza haifungi mpaka uusukume mlango kwa goti. Unakiri pia, kwa sauti ya chini, kwamba orodha ilifichua pakiti tano za nyama ya kusaga, na kwamba ile ya tano uliinunua kwa kutojua kuwa nne zipo. Kwa maoni yangu, kilichokuuma si ubahili wa mumeo bali karatasi ile, ambayo imesema hadharani jambo ulilokuwa umelifunika kwa barafu. Mama mkwe amekutendea wema kwa mkono mzito, lakini ni wema.

Wahenga walisema akiba haiozi, nao walikusudia akiba ambayo mwenyewe anaikumbuka. Hauko peke yako katika hili: Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Ndoa za siku hizi zimefundishwa kupima mapenzi kwa uzito wa mfuko unaoingia mlangoni. Mume akirudi mikono mitupu anahesabiwa amepoa, na mke akipika kilichokuwepo anajiona amepunguziwa hadhi. Hakuna anayeuliza cha jana kilikwenda wapi.

Neno kiporo unalitamka kama tusi, tena unalikosea. Nyama iliyogandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri si kiporo, kwa kuwa katika baridi hiyo vijidudu haviongezeki, ingawa havifi. Kinachopungua ni ladha, na ndiyo sababu nyama ya kusaga hupendeza ikiliwa ndani ya miezi mitatu au minne. Yale mabaka meupe uliyoyaita uozo ni ukavu tu. Anza na pakiti ya zamani zaidi, ihamishie kwenye friji usiku wa kuamkia siku ya kupika badala ya kuiacha mezani iyeyuke, kisha nusu yake uichanganye na dengu zilizosahaulika stoo, na pakiti moja itatosha milo miwili. Maharagwe makavu yaloweke usiku kucha, umwage maji yake, na kama ni yale mekundu makubwa yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto, maana yakiwa hayajaiva yana sumu inayosokota tumbo.

Tukiwa kwenye tumbo, umemlaumu mumeo kwa mwanao wa pili kuugua baada ya kula wali wa jana. Wali huo ulilala wapi? Umeandika mwenyewe kwamba sufuria ilikuwa jikoni hadi asubuhi. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa na kuamka chakula kinapokaa kwenye uvuguvugu, kwa hiyo hupozwa upesi na kuingizwa kwenye friji mapema. Kosa hilo, binti yangu, halimhusu mumeo.

Lipo linalomhusu. Kopo lililovimba alilokukataza kulitupa halifunguliwi wala halionjwi. Linatupwa siku hiyo hiyo, na mwambie Shangazi ndiye aliyeamuru. Vilevile sharti lake la kutonunua chochote limepita kiasi, kwa sababu watoto hawawezi kukaa mwezi mzima bila mboga mbichi, matunda na maziwa. Keti naye mbele ya orodha ile, mpange milo ya wiki nzima kutokana na vilivyopo, halafu umwombe fedha za vile tu vinavyokosekana ili milo hiyo ikamilike. Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa, hata kwa bahili.

Kuhusu kurudi kwenu, sijaona sababu. Nimeona, hata hivyo, mstari ulioukata kwa kalamu bila kuufuta vizuri, unaosema kwamba siku mama mkwe alipopika dengu kwa nyama ya friza hiyo hiyo, watoto walilamba sahani. Mpigie simu leo, umsalimie kwa heshima, umuulize zile dengu alizitia nini.