Jicho la Mtu Asiye na Hamu ya Kilele

Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo anayepanda mlima mrefu kwa mara ya kwanza achukue mwongozaji au ajitegemee na wenzake. Kwa Kilimanjaro kanuni za hifadhi zimekwisha kujibu, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Mlima ulioniachia mimi uamuzi huo, mwaka 2016, ni Mlima Kenya, ambako kwenye lango la Sirimon tulitakiwa tu tusipande mtu mmoja mmoja.

Tulikuwa watatu, wenye ramani, na njia haikutusumbua hata kidogo: kambi ya Old Moses, mita 3,300, siku ya kwanza, kambi ya Shipton, mita 4,200, siku ya pili, na saa tisa usiku tukaanza kukwea changarawe kuelekea Lenana, kilele cha mita 4,985. (Siku ya kupumzika na kuuzoea mwinuko tulikuwa tumeifuta ili tuwahi kazini Jumatatu.) Karibu na alfajiri mwenzetu mmoja alishindwa kuvaa glavu. Aliisukuma kwenye mkono ambao tayari ulikuwa na glavu, akaitoa, akairudisha palepale, nasi tukamcheka. Mwongozaji wa kundi jingine, aliyekuwa akipita na wageni wake, hakucheka. Alikwaruza mstari chini kwa fimbo, akamwomba aufuate, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, na bwana yule anayecheza mpira kila Jumamosi akapepesuka hatua ya tatu.

“Mshusheni sasa hivi, msingoje jua,” alituambia.

Tulipofika Shipton mwenzetu alikuwa akizungumza vizuri, na Old Moses akaomba chai.

Nadhani hicho ndicho tunachokilipia: jicho la mtu aliyeuzoea mwinuko na asiye na hamu yoyote ya kilele. Karibu na mita 5,000 oksijeni anayoipata mtu kwa kila pumzi inakaribia nusu ya ile ya pwani, ubongo unaweza kuvimba, na akili ambayo mgonjwa angeitumia kutambua kwamba anaumwa ndiyo inayotangulia kuvurugika, huku wenzake, waliochoka kama yeye, wakidhani anafanya mzaha. Kwa Mlima Longonot, mita 2,776, hofu hiyo sina. Wanaokwenda Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, kwa kamba zao watajiamulia wenyewe. Mimi si wa daraja hilo.

Hata hivyo, mwongozaji anayewakimbiza wageni ili safari iishe kwa siku chache ni hatari nyingine, tena ya kulipia. Kabla ya kutoa pesa, uliza safari ni ya siku ngapi, na mmoja akiugua nani atamshusha na nani atabaki na waliosalia. Niliporudi mwaka uliofuata kwa njia ya Chogoria niliuliza hivyo, na kampuni ya kwanza ikanijibu kwamba wageni wao huwa hawaugui. Nikaenda kwa ya pili.