Ukiona Kombati, Uliza Kwanza Wizara

Nimeishi Ukonga kwa miaka mingi, na anayepajua Ukonga anaelewa kwamba si rahisi kupata sehemu nyingine ya Dar es Salaam ambayo mtu hupishana na askari wa aina nyingi namna hii kabla hata hajanunua vitumbua vya asubuhi. Liko Gereza la Ukonga na askari wake, iko kambi ya Kikosi cha Kutuliza Ghasia cha polisi, yaani FFU, wako wanajeshi wa anga wa Air Wing, na ukisogea na daladala hadi Gongo la Mboto unakutana na kambi nyingine ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yaani JWTZ. Wote tunawaita afande. Watoto wetu humwita mjeda kila aliyevaa buti nyeusi, nasi wazazi hatuwasahihishi, kwa kuwa wengi wetu tukiulizwa tofauti ya polisi na mwanajeshi iko wapi tutaanza kutaja rangi za sare na kuishia hapo.

Mimi kutojua huko kuliwahi kunitia aibu. Zamani nilifanya kazi ya kuhariri habari katika gazeti moja la hapa mjini. Usiku mmoja ililetwa habari ya mkusanyiko uliotawanywa kwa mabomu ya machozi, na kichwa chake kilitaja Jeshi la Polisi. Maneno yalikuwa marefu kuliko nafasi, nikakata neno la mwisho, likabaki "Jeshi". Sikuona kosa, kwani polisi si jeshi? Asubuhi simu hazikukatika. Wasomaji walikuwa wameelewa kwamba serikali imetoa wanajeshi kambini ili wapambane na raia, jambo ambalo halikutokea na ambalo lingekuwa zito mara kumi kuliko lile lililotokea. Tuliomba radhi katika toleo lililofuata, nami tangu siku hiyo nikaanza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza mapema.

Lawama nyingine naitupia lugha yetu wenyewe. Kiswahili cha serikali kina Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na Jeshi la Mgambo, na hakuna anayetarajia kwamba zimamoto watakwenda kulinda mpaka wa Kagera. Katiba ya mwaka 1977 nayo, katika ibara ya 147 inayomkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, inatoa maana ya neno mwanajeshi kwa ajili ya ibara hiyo, na ndani ya maana hiyo imewaweka askari wa Jeshi la Ulinzi, wa Polisi, wa Magereza na wa JKT kwa pamoja. Kwa kusudi la kuwaweka askari mbali na siasa, mpangilio huo unaeleweka kabisa. Lakini mtu akiubeba na kwenda nao mtaani, atadhani kwamba wote hao wana kazi moja na kwamba tofauti yao ni ukubwa wa bunduki tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuacha kutazama bunduki. Askari wa FFU anaweza kuwa na kofia ngumu, ngao, bunduki na gari la maji ya kuwasha, akakaa kambini, akapiga kwata na kutembea kwa vikosi, na bado akabaki polisi. Sare nazo hudanganya, ingawa mabakamabaka ya JWTZ yanajulikana na jeshi lenyewe huyalinda kwa wivu. Mwaka 2023 liliwataka raia waliokuwa na nguo zinazofanana na sare zake wazisalimishe. Uliza badala yake amri inatoka wapi. JWTZ liko chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na linaongozwa na Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Polisi, wakiwemo FFU, wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na mkubwa wao ni Inspekta Jenerali. Njia hizo mbili hukutana juu kabisa, kwa Rais. Chini ya hapo, kapteni wa JWTZ hamwamrishi mrakibu wa polisi, wala mrakibu hana la kumwambia kapteni.

Ushauri wa pili ndio ninaouona kuwa mzito zaidi, na nilipewa na jirani yangu, afisa mstaafu wa polisi, jioni moja tukiwa barazani kwake. Aliniambia nisiulize askari anaanzaje kazi, niulize kazi yake inaishia wapi. Polisi, hata awe amebeba silaha gani, kazi yake inaishia mahakamani. Anayekimbizwa na FFU si adui bali ni mtuhumiwa. Akikamatwa inabidi aandikwe, aelezwe kosa lake, na chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 kwa kawaida apewe dhamana au afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24. Ndiyo maana polisi hufundishwa kuanza na onyo, kisha moshi na virungu, na risasi iwe ya mwisho: aliye mbele yake ni raia wa nchi hiyohiyo, na kesho wote wawili wanaweza kusimama mbele ya hakimu mmoja, kila mmoja akijieleza. Mwanajeshi hakuandaliwa kwa ajili ya hakimu. Ameandaliwa kukabili jeshi la nchi nyingine kwa mizinga, vifaru na ndege, na kazi yake inaishia pale adui anaposhindwa, anaporudi nyuma au anapojisalimisha. Akimteka adui vitani, yule ni mateka wa vita, na anayetawala hapo ni sheria za kimataifa, si kitabu cha kituo cha polisi. Mwanajeshi mwenyewe akikosea kijeshi, kama kutoroka kambini au kukaidi amri, ana mahakama ya kijeshi inayomngoja. Polisi akitenda jinai hupandishwa kizimba kilekile tunachopandishwa mimi na wewe.

Nchi nyingi zimejifunza kutenganisha kazi hizi kwa gharama, na yetu ni mojawapo. Tarehe 20 Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Serikali ikabaki na jeshi lililogeuka, bila nguvu nyingine ya kulikabili, hadi Mwalimu Nyerere alipolazimika kuwaomba Waingereza, na tarehe 25 Januari makomandoo wao wakawazima waasi. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa JWTZ. Kenya iliipata adha hiyo baadaye. Tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya askari wa jeshi la anga walipojaribu kupindua serikali, miongoni mwa waliowazima, pamoja na jeshi la nchi kavu, walikuwa GSU, ambao ni polisi. Hapo unaona sababu ambayo watawala wengi hawaisemi kwa sauti: polisi wenye mafunzo ya kijeshi si wa kutuliza ghasia za mitaani pekee, bali pia ni akiba pale jeshi lenyewe linapotiliwa shaka.

Lakini msomaji asije akaichukua kanuni ya wizara akaitumia dunia nzima. Carabinieri wa Italia, walioanzishwa mwaka 1814, wanakamata wezi na kupeleleza mauaji kama polisi wowote, ilhali kisheria ni sehemu ya majeshi ya nchi hiyo. Gendarmerie ya Ufaransa vilevile ni ya kijeshi, ingawa tangu mwaka 2009 imewekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mfumo huo ulifika hadi kwa jirani zetu: Rwanda ilikuwa na gendarmerie mpaka mwaka 2000 ilipounda polisi wa taifa. Vilevile vita ikiwa kubwa mipaka hulegea. Mwaka 1978 na 1979, tulipopigana na majeshi ya Idi Amin, mgambo, polisi na magereza nao walikwenda mstari wa mbele pamoja na JWTZ. (Mgambo wa jiji wanaokimbizana na wamachinga ni habari nyingine, na sitaiingilia hapa.)

Haya yote yangebaki kuwa mazungumzo ya barazani kama mpwa wangu asingekuja nyumbani, akiwa ametoka JKT, na kunieleza mpango wake.

"Shikamoo mjomba. Nimeamua kuomba polisi, niingie FFU, halafu baada ya miaka miwili mitatu nihamie JWTZ."

Kwa miaka niliyoishi mtaani kwetu nimeusikia mpango huo kwa vijana wengi, na mara nyingi wazazi wanaubariki. Nawaambia wote nilichomwambia yeye: FFU si ngazi ya kupandia JWTZ. Ni ajira mbili zenye sheria mbili, na cheo ulichopata huku hakikufuati kule. Anayetaka JWTZ aombe JWTZ, akijua kwamba mafunzo ya JKT humsaidia sana na kwamba nafasi zake hutangazwa na jeshi lenyewe, wala hazipitii kwa mtu anayeomba atumiwe fedha kwa simu. Anayeomba polisi ajue kwamba ataanza kama konstebo, atakwenda depo Moshi, na huko hatafundishwa kwata tu bali pia sheria, ushahidi na namna ya kuchukua maelezo. Baada ya hapo atapangiwa kituo, usalama barabarani, upelelezi au FFU, na kupangiwa huko si hiari yake.

Nilimpeleka kwa yule jirani. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza swali moja ambalo kijana hakulitarajia.

"Unapenda kuandika?"

Alicheka, akidhani anataniwa. Aliomba polisi hata hivyo, safari hii akijua anachokiomba. Sasa ni konstebo katika kituo kimoja mkoani, na kwa miezi kadhaa amekuwa kaunta, akiandika taarifa za simu zilizoibwa, mbuzi waliopotea na ugomvi wa wapangaji. Hajapangiwa FFU, na mara ya mwisho tulipozungumza aliniomba nimtafutie kalamu nzuri zisizovuja wino.