Video ya kamera haivuki ruta

Kaka, umesema video ya multikasti (mkondo mmoja unaowafikia wote waliouomba) inaonekana ofisini Chumbageni, lakini Raskazone, ng'ambo ya ruta (kifaa kinachounganisha mitandao), skrini nyeusi tii. Ruta haipitishi multikasti mpaka uiwashie. Kompyuta ya Raskazone huomba kujiunga na kundi, yaani anwani ya mkondo huo, tuseme 239.1.1.1, kwa IGMP, itifaki ya kompyuta kuomba kundi kwa ruta. Ruta yake hupeleka ombi kwa ruta jirani kwa PIM, itifaki ya ruta kupashana maombi hayo, hatua kwa hatua kuelekea kwenye chanzo au ruta ya makutano, inayokutanisha vyanzo na wapokeaji. Nakala hutolewa pale tu njia zinapogawanyika. Pakiti (kipande cha data) ikiingia kwa mlango ambao si ule ruta ingeutumia kurudi kwenye chanzo, inatupwa.

Ila kwanza kabisa angalia TTL ya kamera, yaani kikomo cha pakiti kinachopunguzwa moja kila ruta! Mimi nilikesha siku mbili, kumbe ni 1, pakiti zinafia ruta ya kwanza.